Mwizi wa Kidaka cha Kati

Wenzangu walipotiwa ndani walilia. Binti wa nyumba ya nyuma alilia siku tatu mfululizo, akaapa kuwa atatoroka aende kwa mjomba wake Takaungu kwa miguu. Alifika jikoni, akakuta mikate ya mofa ya moto, akarudi. Mimi nilipoambiwa na bibi yangu kuwa nimekuwa mwari, na kwamba tangu siku ile mlango wa mbele si wangu tena hadi nitakapoolewa, nilimwuliza kama ni lazima kuolewa.

Msidhani ulikuwa ucha Mungu. Nilipenda ndani, basi. Nyumba yetu ya mawe pale Malindi ilikuwa na ua, kisima, ngazi ya kupandia darini, na chumba kirefu chenye vidaka ukutani, vile vishubaka vya chokaa vya nakshi ambamo watu wa zamani waliweka sahani zao za Kichina. Vumbi la nje na maneno ya nje sikuyataka. Upepo ulipopita uani nilihesabu kuwa dunia imekuja kunitembelea, nami nikaipokea nikiwa nimeketi. Mama alikuwa amekwisha fariki. Baba alishinda shambani kwake upande wa Mambrui. Nyumba ilikuwa ya bibi, na bibi alikuwa ametoka Lamu, jambo ambalo hakumwacha mtu yeyote alisahau.

Kitu kimoja nilijivunia. Nilijua kusoma. Bibi alinisomesha mwenyewe, kwanza juzuu, kisha hati za mikono ya watu, hata wanawake wa mtaa wakawa wananiletea barua za waume zao niwasomee, nami niliwasomea kwa sauti za hao waume. Nilikuwa na miaka kumi na sita na majivuno ya kadhi.

Ndipo yeye alipokuja, ndani ya kasha la vioo vya taa.

Ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na wetu, palikuwa na duka la Mhindi mmoja wa madhehebu ya Bohora, na mkewe alikuwa rafiki yetu wa kuingia bila hodi. Kila kasha lilipofika, yeye ndiye aliyelifungua huko ghalani kwake, na kila kisichouzika kilivuka kichochoro kikaja kwetu. Asubuhi hiyo alikuja amekumbatia kitu chini ya shali.

"Mume wangu hakuagiza hii," alisema, akikiweka mapajani mwangu. "Kasha la taa, ndani yake mtu. Mimi nauza taa. Mtu siuzi. Chukua wewe."

Alikuwa mtu wa kigae, urefu wake shibiri moja, amepakwa rangi kwa uangalifu ambao sijauona tena. Masharubu yalisokotwa hadi karibu na masikio. Fulana yake ilikuwa ya mistari myeupe na myeusi, mgongoni ana gunia, kidole kimoja kimesimama midomoni, na machoni amefunga kitambaa cheusi chenye matundu mawili madogo. Nyayoni aliandikwa kwa Kizungu, jina lake labda. Sisi hatukulijua, na sijalijua hadi leo.

Pamoja naye jirani aliniletea karatasi chache zilizokuwa zimefungia vioo. Zilikuwa kurasa za habari za Kizungu, na chini ya kila ukurasa palikuwa na safu moja ya picha sita, kila picha ndani ya kisanduku chake. Na ndani ya kila picha, yeye! Masharubu yale yale, gunia lile lile. Nilijua papo hapo kuwa huyu ni mtu mkubwa. Nani achorwe mara sita katika ukurasa mmoja, kisha afinyangwe na kutiwa rangi, kama si mtu mkubwa?

Maneno ya Kizungu yalikuwa kwangu kama njia za mchwa. Lakini picha ni picha. Nikaanza upande wa kulia, kama mtu mwenye akili zake anavyoanza, nikaelekea kushoto.

Katika picha ya kwanza amelala chini, nyota zimemzunguka kichwa, na askari mwenye rungu amesimama juu yake. Ni wazi: mtu ameoteshwa ndoto njema, na serikali imemwekea mlinzi. Picha ya pili, anakimbia na gunia limejaa, askari nyuma yake. Ndoto imemwamrisha jambo la haraka, na mlinzi anasindikiza mali. Picha ya tatu yuko dirishani, nusu ndani nusu nje. Hataki kuonekana. Ya nne yuko jikoni mwa watu, gunia wazi, na bata mnene mikononi mwake juu ya meza. Ya tano yuko mlangoni, amemvulia kofia mwenye nyumba, mama mmoja wa Kizungu anayetabasamu bila kujua nani amemjazia meza. Na katika ya sita anakwenda zake njiani, gunia tupu, uso umejaa furaha.

"Sadaka ya siri!" alisema bibi nilipokwisha kumsomea.

"Ya siri kabisa, Bibi. Tazama kidole midomoni."

"Na hicho cheusi machoni?"

Hapo sikusita hata kidogo. "Anaingia nyumba za watu kupitia madirishani. Anaogopa asije akawatazama wanawake wa watu. Matundu ni ya kuonea njia tu."

Niliona kuwa bibi amemheshimu. Lakini hakuwa mtu wa masanamu. Alisema malaika hawatapenda sanamu yenye kichwa. Kisha akatafuta njia, kama alivyozoea kutafuta njia akipenda kitu: akaleta wembe, akamkwaruza mstari shingoni pande zote.

"Sasa hana kichwa," alisema. "Kimekaa juu yake tu."

Akasogeza bakuli la buluu, akamweka kidaka cha kati, ukutani mkabala na mlango. Halafu akanigeukia.

"Anakaa kwa ajili ya sadaka zake. Siku nitakayosikia neno baya juu yake, atakwenda chooni. Na choo cha nyumba hii, wajua, kina pima nne kwenda chini."

Tangu hapo niliishi kama sultani asiyetoka. Kila alasiri wanawake walikuja na ukili wao wa kusuka, wakaketi juu ya mikeka katika chumba kirefu, nami nikawasomea karatasi moja. Jirani akileta mpya, habari inaenea mtaani kabla hajafika mlangoni petu. Mtu wetu alirudisha saa za ukutani. Alirudisha suruali kwenye kamba za watu za kuanikia. Mara moja alirudisha keki nzima dirishani, na mama mmoja mjane akalia kwa kukumbuka ukarimu wa marehemu mumewe. Nilikuwa sina haja ya kwenda popote. Malindi yote yenye ukili ilikuja kwangu.

Aliyenitia shaka alikuwa mmoja tu, mama wa Kigiriama aliyetuletea kuni kutoka bara. Alikuwa akitua mzigo uani, anasimama mlangoni kusikiliza dakika chache, huku amejishika kiuno.

"Bata huyo analia," alisema siku moja.

"Analia kwa furaha," nilimjibu. "Amefika."

"Mimi nafuga. Bata aliyefika halii hivyo." Akaokota kamba yake akaenda zake. Niliwaeleza wenzangu, kwa upole wa mwenye elimu, kuwa si kila mtu amejaliwa kusoma.

Baada ya mwezi hivi, kaka yangu, karani wa forodha, alihamishwa kutoka Mombasa akaja kwetu na mkewe. Wifi yangu huyu alikuwa na makosa ambayo nilikuwa sijapata mtu wa kuyazungumza naye. Alicheka kabla mzaha haujaisha. Alitoka nje na kurudi na habari. Na alijua herufi za Kizungu, alizojifunza kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyefundisha wanawake kushona kwa cherehani. Siku ya tatu tangu kufika kwao, alasiri, aliketi karibu yangu chumbani huku wanawake wamejaa, nami nikasoma karatasi ya bata, iliyopendwa kuliko zote. Nilipofika dirishani akacheka.

"Bado," nilimwambia. "Hapo si pa kucheka."

"Wifi yangu, hebu rudia. Mtu huyu anaanzia wapi?"

"Anaanzia hapa. Amelala, anaota."

"Anaota! Amepigwa rungu, wifi. Nyota hizo ni maumivu ya kichwa." Akaweka kidole upande wa kushoto kabisa, akakipeleka kulia polepole, kama anayenifungua nguo mbele za watu. "Wazungu huanzia huku. Anatoka kwake na gunia tupu. Anamvulia kofia mwenye nyumba, kumbe anachungulia jikoni. Huyo, anatia bata guniani. Anatoka dirishani. Anafukuzwa. Anakamatwa. Mwizi huyu, wifi, mwizi wa mchana kweupe! Na hicho machoni ni cha kujifichia sura."

Ukili wote chumbani ulisimama. Mlangoni mama wa kuni alitua mzigo wake.

"Nilisema," alisema. "Bata alikuwa akilia."

Nilitazama karatasi. Jambo baya kuliko yote ni kwamba kutoka kushoto ilisomeka vizuri zaidi. Kila kitu kilikaa mahali pake: bata, nyota, mama wa Kizungu anayetabasamu kwa kudanganywa. Masikio yalinichoma kama niliyetiwa pilipili.

Bibi aliweka tasbihi chini. "Mjukuu wangu. Ni kweli?"

"Naona ni kweli, Bibi."

"Mwezi mzima," alisema bibi, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "kila nikimaliza sala ya alfajiri nimemwombea mtu huyu. Nimemwomba Mungu amzidishie. Amzidishie nini? Mabata?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko. Bibi aliinuka, akaenda hadi kidaka cha kati, akamshika mwizi kiunoni. Nilijua njia ya kwenda chooni. Zilikuwa hatua tisa. Nikaruka, mimi ambaye nilikuwa siruki, nikasimama mbele yake.

"Bibi, hatujaona karatasi zote. Kwa jirani ziko nyingi, bado zimefungia vioo. Mwisho wake hatuujui. Huenda akatubu."

Bibi alinitazama, akamtazama mwizi.

"Akitubu, atakaa," alisema. "Asipotubu, pima nne. Ijumaa, watu wakirudi msikitini, nataka jibu. Na utakwenda kutazama mwenyewe. Habari za kuletewa zimenitosha."

"Niende? Mimi?"

Chumba kizima kilicheka, na wifi yangu kuliko wote, ingawa alikoma ghafla aliposikia kuwa yeye ndiye atakayenipeleka.

Siku ya pili adhuhuri, wanaume walipokuwa msikitini na kichochoro kitupu, bibi alitoa shiraa yake aliyoletwa nayo kutoka Lamu. Ni hema la kitambaa lenye miti miwili, ambalo bibi wa heshima alitembea ndani yake asionekane hata kisigino. Zamani lilibebwa na wajakazi. Wajakazi walikuwa wameachwa huru wakaenda zao, na heri yao; hema likabaki. Wifi alishika mti wa mbele, mimi wa nyuma. Yeye mrefu, mimi mfupi, na shiraa ikaenda kama punda mwenye guu bovu.

"Wifi, unanisukuma," alisema wa mbele.

"Sisukumi. Natembea."

"Hivi ndivyo watu wa Malindi wanavyotembea?"

"Sijui. Miaka miwili sijatembea."

Tuliigonga baraza ya nyumba yetu wenyewe. Kisha mbuzi wa mtu akaingia humo ndani tulimo, akatazama, akaona pana kivuli kizuri, akafuatana nasi hadi ng'ambo. Hatua thelathini na nne. Nilizihesabu, kwa sababu nilidhani maiti yangu itahitaji kuelekezwa nyumbani. Jirani alitufungulia mlango, akaona wanawake wawili na mbuzi, akasema mbuzi abaki nje.

Ghala lake lilikuwa nyuma ya duka, limejaa makasha na harufu ya nyasi kavu. Pale juu ya rafu, kando ya mizani iliyovunjika, nilimwona askari. Ndiye yule yule wa kwenye picha, wa kigae, rungu mkononi, vifungo vya dhahabu tumboni. Alitoka kasha jingine, jirani alisema, na huyu hakumpa mtu kwa sababu alipenda vifungo. Lakini sikuja kwa ajili ya askari. Tulikaa sakafuni tukaanza kufungua vioo, kimoja kimoja, jirani akivipokea na kuvilaza kwenye nyasi.

"Taratibu! Kioo hicho! Mume wangu ataniuliza nini kimeingia humu. Nitasema nini? Nitasema tunamtafutia mwizi toba?"

"Mwambie hivyo hivyo," alisema wifi. "Ataogopa kuuliza tena."

Pamoja na zile tulizokuja nazo kutoka nyumbani, zilipatikana karatasi ishirini na tatu. Wifi alisoma nambari za juu akazipanga sakafuni, ya zamani mwanzo, na mimi nikapiga magoti nikaanza kusoma kutoka kushoto. Sitaficha: macho yaliniuma. Ilikuwa kama kula wali kwa mkono usio wake. Unafika mdomoni, lakini aibu. Kwenye karatasi ya tano mkono ulizoea. Kwenye ya kumi nilisahau kuwa niko nje ya nyumba yetu.

Na mwizi hakutubu. Aliiba bata, akapigwa. Aliiba saa, ikalia guniani, akapigwa. Aliiba suruali kwenye kamba na mwenyewe alikuwa ndani yake. Alijigeuza kuwa mzee, akajigeuza kuwa mama mwenye mtoto, mtoto ni keki, askari akaila keki, kisha akampiga. Kila karatasi ilianza na uso ule wa furaha na gunia tupu, na kila karatasi iliisha kwa nyota.

Ya ishirini na tatu ilikuwa imechanika katikati. Zilibaki picha tatu. Katika ya kwanza amekaa peke yake, hana gunia. Katika ya pili anakwenda na kofia mkononi. Katika ya tatu amesimama mbele ya mlango mkubwa, kichwa chini, anabisha. Basi. Nusu ya pili haikuwako. Tulipekua kila kasha, tukapekua hata nyasi.

Wifi alikaa juu ya kasha tupu akanitazama.

"Sema ametubu," alisema.

"Wapi?"

"Hapo. Hana gunia, kichwa chini, anabisha hodi. Huenda hata ni kweli. Nani atajua? Mimi kuapa siapi, lakini nitanyamaza, na wewe wajua kunyamaza kunavyonigharimu." Halafu akaongeza, bila kucheka mara hii, "Mimi ndiye niliyekuaibisha mbele ya watu, wifi. Sikukusudia. Nilidhani utacheka."

Nilikaa na ile nusu ya karatasi mapajani. Nilimtaka yule mtu abaki. Kila asubuhi nilipofungua macho, yeye alikuwa wa kwanza kunitazama, kidole midomoni, kana kwamba mimi na yeye tunajua jambo. Na nilitaka alasiri zangu. Uongo wenyewe haukuwa hata mkubwa. Ulikuwa wa upana wa picha tatu.

"Nilimsoma vibaya kwa kutojua," nilisema mwishowe. "Nikimsoma vibaya sasa, nitakuwa najua."

"Basi atakwenda chooni."

"Atakwenda."

Wifi alitikisa kichwa. "Kiburi kitakuua wewe," alisema, akainuka akashika mti wa mbele.

Ijumaa wanawake walikuja wengi kuliko siku zote, hata wengine ambao hawakuwahi kusuka ukili maishani mwao, na jirani Mhindi naye akafunga mlango wa duka akaja. Mwizi alikuwa amekwisha teremshwa, amesimamishwa sakafuni mbele ya bibi kama mshtakiwa. Nikaanza na lililo gumu.

"Mwezi mzima nimewasomea kinyume," niliwaambia. "Saa hazikurudishwa. Ziliibwa. Na mama wa kuni alisema kweli kuhusu bata."

Kisha nikawasomea zote, kutoka kushoto. Nilitaka niwe mfupi, lakini kusoma kwangu hakujui ufupi. Nilimfanyia mwizi sauti yake na askari sauti yake. Kwenye suruali yenye mwenyewe, mama mjane aliyelilia keki alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Kwenye mtoto wa keki, jirani alipiga makofi akasema maneno ya Kihindi. Sikuthubutu kumtazama bibi. Nilifika karatasi iliyochanika, nikawaonyesha zile picha tatu.

"Halafu?" alisema bibi.

"Karatasi imekatika, Bibi."

"Ametubu?"

"Sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui, Bibi. Ningeweza kukwambia ametubu. Ningekuwa nakudanganya."

Wifi, pembeni, alikuwa ameuma upindo wa kanga yake. Bibi alimwinua mwizi, akamgeuza huku na huku, akautazama mstari wa wembe shingoni.

"Karatasi ishirini na tatu," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Katika zote hizo, amekula bata hata mmoja?"

Nilifikiri vizuri, maana sasa nilikuwa mtu wa kufikiri vizuri. "Hajala hata mmoja."

"Na akipigwa, kesho anarudi?"

"Anarudi. Na gunia, na anacheka."

Bibi yangu hakuwa mtu wa kucheka. Alisema watu wa Lamu walicheka zamani, wakamaliza. Lakini pale kitu kilianza tumboni mwake, kikapanda, akalazimika kumweka mwizi chini ili asimwangushe.

"Basi huyu si mwizi," alisema alipopata pumzi. "Mwizi hula. Huyu ni mjinga tu. Na wajinga," akanitazama mimi, na kwa heshima ya wageni hakunyoosha kidole, "katika nyumba hii nimekwisha walea. Siwezi kuwatupa wote chooni."

Chumba kililipuka. Nilicheka pia, na nilikuwa nikilia, na sikujali nani anaona kipi. Lakini bibi aliinua mkono.

"Sijamaliza. Peke yake hakai. Ana mazoea mabaya, na sahani zangu ziko ukutani. Askari wake yuko wapi?"

Wote tuligeuka kumtazama jirani.

"Ah, hapana," alisema jirani. "Askari wangu simtoi. Vifungo vyake vizuri."

"Jirani," alisema bibi, "ni mtu wa kigae."

"Na huyu pia kigae, na nyinyi mnamfanyia kesi." Jirani alijikunyata ndani ya shali yake, kisha akanitazama mimi kwa jicho la mtu wa duka. "Mimi alasiri siwezi kuja kila siku. Duka. Hizi zote leo nimesikia mara ya kwanza. Na mimi pia, picha hizo, nilisoma kutoka kulia." Alisema hayo haraka, kama anayemeza dawa. "Askari nitatoa. Lakini msomaji wenu atakuja kwangu kila Alhamisi, asome karatasi zikija, pale ghalani. Yeye kwangu. Si mimi kwake."

Wanawake wote wakageuka tena, sasa kunitazama mimi, na wengine walikuwa wameanza kucheka kabla sijajibu. Wifi yangu, anayecheka kabla mzaha haujaisha, alipata wenzake siku hiyo.

"Alhamisi ipi?" niliuliza.

"Zote."

Nilimtazama mwizi. Nilitazama mlango wa mbele, mzito, wa misumari ya shaba, ambao kukaa upande wake wa ndani ndiyo furaha niliyoijua. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema ndiyo.

Askari aliletwa kabla ya magharibi. Bibi mwenyewe alimkwaruza shingo, maana sheria ni sheria, akamsimamisha kidaka cha kati nyuma ya mwizi, rungu likielekea kisogo. Mwizi hakuonekana kujali. Bado alikuwa anacheka.

Alhamisi ya kwanza niliamka nikasema huenda nina homa. Bibi alinigusa paji la uso, akasema homa hiyo aijua, akaenda kuleta shiraa. Nilimngojea wifi ashike mti wa mbele, lakini wifi alijipenyeza katikati, pasipo na mti, akasimama tu hapo akitabasamu. Aliyeshika mti wa mbele alikuwa bibi. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuvuka kizingiti kile isipokuwa kwa mazishi.

"Unatazama nini?" alisema. "Nitasikiaje mwisho wake nikiwa nimekaa hapa? Tembea. Na nyoosha mgongo, usiende kama anayepelekwa kunyongwa. Watu watadhani wezi ni sisi."

Tulitoka. Bibi alitembea kwa mwendo wa Lamu, polepole sana, na kichochoro chote kilitupisha. Ghalani jirani alikuwa ametandika mkeka na kupanga makasha kama viti, na walikuwapo watoto wake wa kike, na mama wa kuni ambaye sijui nani alimwalika. Jirani alinipa karatasi mpya, iliyotoka kasha la asubuhi ile. Nikaikunjua magotini. Kidole kilikwenda chenyewe upande wa kushoto kabisa, kwenye gunia tupu na uso ule wa furaha, na nikasoma kwa sauti hadi nyota za mwisho. Sikukosea hata picha moja.